Kutoka Kimiminika hadi Kipande Kigumu: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Plastiki kwa Joto na kwa Mionzi

Gramu 20 za methili methakrilati, kimiminika chepesi kama maji na chenye harufu ya kupenya puani, zikigeuka zote kuwa plastiki hutoa joto la takriban kilojuli 11.5, kiasi ambacho kingetosha kuchemsha mililita 35 za maji yaliyokuwa kwenye nyuzi joto 20. Joto hilo halitoki kwenye jiko wala kwenye taa, bali huzaliwa ndani ya kimiminika chenyewe kadiri molekuli zake ndogo zinavyoshikana na kuwa minyororo mirefu. Ninaanza na hesabu hii kwa sababu wengi wanaoijaribu kazi hii kwa mara ya kwanza huhangaika na namna ya kuuanzisha mmenyuko, ilhali hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Kazi yenyewe ni kuamua minyororo mingapi ianze kwa wakati mmoja, na kuhakikisha kwamba joto linalozaliwa lina mahali pa kwenda.

Mwongozo huu unapitia njia tatu: kuanzisha kwa joto, kuanzisha kwa mwanga wa urujuanimno (UV), na kuanzisha kwa mionzi ya gamma au ya elektroni. Mbili za kwanza zinafanyika katika maabara ya kawaida ya kemia mbele ya msimamizi mwenye uzoefu, wala hazifai kabisa kufanyiwa jikoni au chumbani. Ya tatu hufanyika katika kituo chenye leseni tu, ingawa maandalizi ya sampuli hubaki mikononi mwako.

Kinachotokea ndani ya kimiminika

Molekuli ndogo inayoweza kuungana na wenzake huitwa monoma, na mnyororo unaopatikana huitwa polima. Monoma tunazozizungumzia hapa zina muunganiko maradufu kati ya atomi mbili za kaboni. Radikali, yaani kipande cha molekuli chenye elektroni moja isiyo na mwenza, ikigusa muunganiko huo huufungua na kujishikiza upande mmoja, na upande wa pili unabaki na elektroni pweke, tayari kuidaka monoma inayofuata. Mnyororo hukua kwa mamia au maelfu ya hatua za namna hiyo ndani ya muda mfupi sana, mpaka radikali mbili zikutane na kuzimana.

Njia zetu tatu hutofautiana katika jambo moja tu, yaani namna zinavyozipata radikali za kwanza. Joto hukata kiungo dhaifu kilichowekwa makusudi ndani ya kianzishi, yaani kemikali inayotiwa kidogo ili kutoa radikali za kwanza. Katika peroksidi, kiungo cha oksijeni kwa oksijeni hukatika kwa takriban kilojuli 145 kwa moli. Mwanga wa UV wenye urefu wa wimbi wa nanomita 365 hubeba kilojuli 328 kwa moli ya fotoni, yaani chembe za mwanga, nao huvunja molekuli ya kianzishi inayoweza kuumeza. Fotoni za gamma kutoka kobalti-60, zenye nishati ya MeV (milioni za elektroni-volti) 1.17 na 1.33, zinaizidi fotoni ya UV zaidi ya mara laki tatu, kwa hiyo hazihitaji kianzishi chochote. Huivunja monoma yenyewe.

Kuna kanuni moja ninayomwomba kila msomaji aishike kabla hajapima hata tone, kwani ndiyo itakayomwongoza anapobadilisha vipimo. Kasi ya upolimishaji hupanda kwa kipeuo cha pili cha wingi wa kianzishi, yaani kianzishi kikiongezwa mara nne, kasi huongezeka mara mbili tu. Wakati huohuo urefu wa wastani wa minyororo hupungua kwa nusu, kwa sababu radikali zilizo nyingi hukutana na kuzimana mapema. Anayeongeza kianzishi ili amalize haraka hulipa mara mbili: hupata minyororo mifupi, na kwa hiyo plastiki dhaifu, na joto humjia kwa wakati mmoja.

Kanuni hiyo hufanya kazi vizuri mwanzoni, halafu huvurugika. Katika methili methakrilati isiyochanganywa na kiyeyushi, karibu theluthi au robo ya monoma inapokwisha kugeuka, kimiminika huwa kizito kiasi kwamba ncha za minyororo mirefu hushindwa kusogea na kukutana, ilhali monoma ndogo bado hupenya kwa urahisi. Kuzimana kunapungua, kukua kunaendelea, na kasi inapanda yenyewe bila mtu kugusa kitu. Wanakemia huiita hali hii athari ya Trommsdorff. Ajali nyingi za upolimishaji huanzia hapo: mtu ameona kwa nusu saa nzima kwamba hakuna linalotokea, akaongeza moto, kumbe kimiminika kilikuwa kinakaribia ukingo.

Maandalizi na kinga

Kwa zoezi la joto utahitaji gramu 20 za methili methakrilati, ambayo kuanzia hapa nitaiandika MMA, pamoja na peroksidi ya benzoili, neli pana ya kioo, hodhi la maji moto linaloshika halijoto sawasawa, bakuli la maji ya barafu lililo tayari kabla hujaanza, kipimajoto, vipande viwili vya kioo cha unene wa milimita 4 au 5, mpira laini wa kuzungushia ukingo, na vibanio. Usizidishe gramu 20 mpaka utakapokuwa umefanya zoezi hili mara kadhaa. Ukubwa wa chombo ni suala la usalama: ujazo ukiongezeka mara nane, uso wa kutolea joto huongezeka mara nne tu.

Mvuke wa MMA huweza kushika moto hata kwenye nyuzi joto 10 hivi, kwa hiyo moto wa wazi hauruhusiwi chumbani, na kazi yote ya kumimina hufanyika ndani ya kabati la kufyonza mvuke. Ngozi ikiguswa mara kwa mara hujenga mzio usioisha, nayo MMA hupenya glovu nyembamba za nitrili kwa dakika chache, hivyo glovu iliyolowa huvuliwa papo hapo badala ya kufutwa. Miwani ya kinga haivuliwi mpaka mwisho. Ukichagua stairini, monoma nyingine ya aina hii, badala ya MMA, jua kwamba Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la 2A, yaani vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu. Kwa anayejifunza, naona hakuna sababu ya kuanzia huko.

Peroksidi ya benzoili inadai heshima ya pekee. Ikiwa kavu huweza kulipuka kwa kusuguliwa au kugongwa, ndiyo maana huuzwa ikiwa imeloweshwa kwa maji, mara nyingi sehemu 75 za peroksidi kwa 25 za maji. Usiikaushe, usiisage, usiichote kwa kijiko cha chuma. Tumia kijiko cha plastiki au karatasi iliyokunjwa. Wapo watakaokushauri utumie AIBN badala yake, nayo ni kianzishi kizuri, lakini inapovunjika hutoa gesi ya nitrojeni inayoweza kuacha viputo katika kipande kinene, na mojawapo ya mabaki yake ni sumu.

Njia ya kwanza: joto

Hatua ya kwanza ni kuamua kuhusu kizuiaji. MMA hufika ikiwa na dawa ya kuzuia isigande njiani, kwa kawaida MEHQ, kwa kiwango cha sehemu chache au makumi machache kwa milioni. Vitabu vingi huagiza iondolewe kwa kupitisha monoma kwenye safu ya alumina, au kwa kuiosha na myeyusho wa hidroksidi ya sodiamu wa asilimia 5, kisha maji, kisha kukausha. Mimi sishauri hivyo kwa kazi ya kumimina bamba. Sehemu 30 kwa milioni ndani ya gramu 20 ni miligramu 0.6 tu, nawe unakaribia kutia miligramu 100 za kianzishi. Kizuiaji kitamalizwa na radikali za mwanzo, utangoja dakika chache zaidi, na monoma itakayobaki kwenye chupa itaendelea kuwa na mlinzi wake. Monoma iliyoondolewa kizuiaji kisha ikasahaulika kabatini ni hatari usiyoihitaji.

Hatua ya pili, pima gramu 0.13 za peroksidi iliyoloweshwa, ambazo ndani yake mna gramu 0.1 ya peroksidi yenyewe, sawa na asilimia 0.5 ya monoma. Iyeyushe ndani ya MMA kwenye joto la chumba kwa kutikisa taratibu. Utaona ukungu na pengine vitone vidogo chini. Hayo ni maji yaliyokuwa kwenye peroksidi. Tia kibano kidogo cha salfeti ya sodiamu iliyo kavu kabisa, subiri mpaka kimiminika king'ae, kisha kimimine kwenye neli na kuyaacha machujo nyuma. Wengi huiruka hatua hii, halafu wakashangaa kwa nini bamba lao lina weupe kama wa maziwa.

Hatua ya tatu ni kutengeneza sharubati, yaani monoma iliyogeuka sehemu tu na kuwa kimiminika kizito. Tumbukiza neli, ambayo mdomo wake umefunikwa kwa ulegevu na haukuzibwa, ndani ya maji ya nyuzi joto 80. Kila dakika mbili iinue, iinamishe kidogo, uangalie kiputo cha hewa kinavyopanda. Mwanzoni kiputo hupaa mara moja kama kwenye maji. Baadaye hupanda kikijivuta, na ukuta wa neli hubaki na utando unaoteremka polepole. Kinapofika mahali ambapo kiputo kinapanda kama ndani ya mafuta mazito ya kupikia, na ukiweka kipimajoto unakuta kimiminika kimeanza kuyazidi maji ya hodhi kwa nyuzi moja au mbili, toa neli na kuizamisha kwenye maji ya barafu bila kusita. Muda hubadilika kulingana na kizuiaji na unene wa neli. Mara nyingi ni kati ya dakika 15 na 30, lakini mwamini kiputo kuliko saa.

Mara yangu ya kwanza niliamini saa. Nilikuwa nimetia monoma nusu ya bika la mililita 250, nikaona muda ulioandikwa haujatimia, nikaenda kuandika daftari. Niliporudi na kulitoa bika kwenye maji moto, sharubati iliendelea kupata joto juu ya meza, ikaanza kuchemka kwa mlio wa kugugumia, kisha ikaganda ikiwa imejaa povu kama mkate. MMA huchemka kwenye nyuzi joto 101 hivi, kwa hiyo joto la mmenyuko likishapita hapo, viputo vinavyobaki ni vya monoma iliyogeuka mvuke ikakosa pa kutokea. Kile kipande nilikihifadhi kwa miaka kadhaa.

Hatua ya nne ni kiolezo. Osha vioo viwili, vikaushe, uweke mpira laini kuzunguka eneo la sentimita 7.5 kwa 7.5, kisha ubane. Hapa kuna jambo la kuhesabu. MMA ina uzito wa gramu 0.94 kwa mililita, na polima yake 1.18, kwa hiyo kitu hupungua ujazo kwa takriban asilimia 20. Kwa kuwa sharubati hushikamana na vioo, haiwezi kujikunja kwa upana, hivyo upungufu wote huangukia kwenye unene. Ukitaka bamba la milimita 3, mpira uwe na unene wa karibu milimita 3.7, tena uwe wa kubonyea, ili vioo vifuate bamba linapopungua. Mpira mgumu huvizuia vioo, na plastiki hubanduka upande mmoja na kuacha michoro kama ramani. Mimina sharubati iliyopoa kupitia kona iliyoachwa wazi, simamisha kiolezo mpaka viputo vipande vyote, kisha ziba.

Hatua ya tano ni ya subira. Weka kiolezo ndani ya maji ya nyuzi joto 55 kwa saa 16 hadi 20. Nasema maji na wala si hewa ya oveni, kwa sababu maji hunyonya joto kutoka kwenye vioo kwa haraka zaidi, na ni katika saa hizi ambapo athari ya Trommsdorff itapita. Kwa unene wa milimita 3 itapita bila kelele. Kwa unene wa sentimita 2, halijoto hiyohiyo ingekuletea povu, na ungelazimika kushuka hadi nyuzi 40 na kungoja siku kadhaa.

Hatua ya sita, bamba likiwa gumu, lihamishie kwenye oveni yenye kutoa hewa nje, nyuzi joto 110, kwa saa mbili. Hatua hii hudharauliwa, ila bila hiyo kazi haijakamilika. PMMA, yaani polima ya MMA, hulainika kwenye nyuzi 105 hivi. Chini ya hapo, asilimia kadhaa za mwisho za monoma zimefungiwa kama wadudu ndani ya kaharabu, haziwezi kuifikia ncha ya mnyororo. Ukipandisha joto juu ya kiwango cha kulainika, minyororo hulegea na monoma iliyosalia humalizika. Zima oveni na uliache bamba lipoe humohumo mlango ukiwa umefungwa. Likitolewa ghafla hubaki na mivutano ya ndani, na siku utakapolifuta kwa spiriti litajaa nyufa laini. Vioo huachia vyenyewe katika maji ya vuguvugu.

Stairini hufuata hatua hizohizo, isipokuwa inaweza kujianzisha. Kwenye nyuzi joto 100, bila kianzishi chochote, takriban asilimia 2 yake hugeuka kila saa. Ndivyo Eduard Simon alivyoikuta mwaka 1839 huko Berlin ikiwa imekuwa kama jeli, akadhani imeungana na oksijeni ya hewa. Maelezo sahihi, kwamba ni minyororo mirefu ya molekuli zilezile, yalikuja katika makala ya Hermann Staudinger ya mwaka 1920.

Njia ya pili: mwanga wa UV

Faida kubwa ya mwanga ni swichi. Joto lililoingia kwenye kimiminika huwezi kulichomoa mara moja, ila taa ikizimwa radikali mpya huacha kuzaliwa papo hapo. Kasoro yake ni kina, kwani kianzishi kinachomeza mwanga juu huwanyima walio chini. Kwa hiyo mwanga ni njia ya tabaka nyembamba: vanishi, gundi, wino, na kujaza meno, ambako daktari hutumia mwanga wa buluu wa karibu nanomita 470 na kuweka kijazio kwa tabaka za milimita 2 hivi.

Kwa zoezi hili usitumie MMA, maana hupaa upesi na huganda polepole. Chukua dimethakrilati ya triethilini glikoli, monoma yenye miunganiko maradufu miwili inayotumika pia katika vijazio vya meno. Kwa kuwa kila molekuli hushikwa pande mbili, hupati minyororo iliyo huru bali wavu, na plastiki yake haiyeyuki tena. Yeyusha ndani yake asilimia 1 ya kianzishi cha mwanga kinachofanya kazi kwenye nanomita 365, ukiwa katika chumba chenye mwanga hafifu wa njano na chupa iliyofungwa kwa karatasi ya alumini. Mwanga wa dirishani unatosha kuiharibu kazi.

Tandaza matone machache kati ya vioo viwili vilivyotenganishwa kwa unene wa milimita 0.2. Kioo cha kawaida hupitisha nanomita 365 vizuri lakini huzuia mawimbi mafupi kama 254, kwa hiyo taa ya kuua vijidudu haifai hapa, mbali na kwamba huunguza macho na ngozi. Weka taa mahali ambapo kipima mwanga kinasoma miliwati 10 kwa sentimita ya mraba, kisha washa kwa sekunde 60. Hiyo ni dozi ya milijuli 600 kwa sentimita ya mraba. Andika namba zote mbili, nguvu na muda, kwa sababu dozi peke yake hupotosha: kasi hufuata kipeuo cha pili cha nguvu ya mwanga kama ilivyo kwa kianzishi cha joto, hivyo miliwati 40 kwa sekunde 15 hazitoi plastiki ileile.

Bila kioo cha juu ungeona jambo jingine. Tabaka lingekuwa gumu chini na lenye kunata juu, hata ukiliangaza kwa muda mrefu, kwa sababu oksijeni ya hewa huidaka radikali na kuigeuza kuwa nyingine isiyo na nguvu ya kuendeleza mnyororo. Ni oksijeni hiyohiyo inayoisaidia MEHQ kuilinda monoma chupani. Ikiwa huwezi kufunika kwa kioo au kwa filamu ya plastiki angavu, pitisha nitrojeni juu ya tabaka wakati wa kuangaza.

Kwa tabaka nene, punguza kianzishi badala ya kukiongeza. Asilimia 0.1 huruhusu mwanga kufika chini, ilhali asilimia 3 hukupa ganda gumu juu ya kimiminika kibichi.

Njia ya tatu: gamma na elektroni

Mionzi hii hupimwa kwa grei, ambayo ni juli moja kwa kilo, na kazi za plastiki huhesabiwa kwa kilogrei, kGy. Linganisha namba mbili. Dozi ya 25 kGy, ambayo hutumika sana kuulia vijidudu kwenye vifaa vya hospitali, humwingizia kila kilo kilojuli 25 tu. Kilo moja ya MMA ikigeuka yote hutoa takriban kilojuli 575. Kwa maneno mengine, hata unapotumia mionzi mikali, joto la kuogopa ni lilelile la monoma yenyewe.

Ndiyo sababu swali la kwanza utakaloulizwa na kituo, au utakalopaswa kuwauliza, linahusu kasi ya dozi kuliko dozi. Chanzo cha kobalti-60 hutoa dozi yake kwa saa nyingi, na hupenya makumi ya sentimita, kwa hiyo hufaa vipande vinene na vitu visivyopitisha mwanga, kama mbao zilizonyonyeshwa MMA ambazo hugeuka mchanganyiko mgumu wa mbao na plastiki. Mashine ya elektroni hutoa dozi hiyohiyo kwa sekunde, nayo hata ikiwa ya MeV 10 hupenya sentimita chache tu ndani ya maji. Kupitisha chupa ya monoma chini ya mashine hiyo ni kuita povu na moto. Kuipitishia tabaka jembamba la wino au vanishi ni kazi ya kila siku viwandani.

Andaa sampuli ndogo katika neli nene, ondoa oksijeni kwa kupitisha nitrojeni kwa dakika 15 neli ikiwa ndani ya barafu, na acha nafasi tupu isiyopungua robo ya neli. Peleka pamoja na maelezo ya kemikali, kiasi chake, joto linaloweza kutoka na halijoto ya juu inayoruhusiwa, na uulize kuhusu kusafirisha kabla hujafunga mzigo. Omba kipima dozi kibandikwe kwenye kila neli. Vingi vyake, kwa kupendeza, ni vipande vya akriliki, yaani PMMA yenyewe, iliyotiwa rangi inayokolea kwa mionzi. Sampuli ikirudi haitakuwa na mionzi ndani yake, kwa kuwa fotoni za kobalti-60 hazina nishati ya kutosha kubadilisha viini vya atomi hizi.

Chagua monoma kwa kujua inavyopokea mionzi. Stairini huhitaji dozi kubwa zaidi kuliko MMA, kwani pete yake ya benzini humeza nishati na kuitawanya bila kuvunjika. Nayo MMA ina mtego wake: polima yake ni miongoni mwa zile ambazo mionzi huzikata badala ya kuziunganisha, kwa hiyo ukipitiliza dozi baada ya mmenyuko kwisha, unaanza kuifupisha minyororo uliyoijenga. Watengenezaji wa saketi ndogo huitumia tabia hiyo kuchora kwa miale ya elektroni juu ya utando wa PMMA. Polithini iko upande wa pili. Arthur Charlesby alionyesha mwaka 1952 kwamba mionzi huunganisha minyororo yake kuwa wavu, na leo nyaya na mabomba mengi hupitishiwa dozi ya kGy 100 hadi 200 ili yasiyeyuke yakipata joto.

Kupima ulichopata, na kusoma makosa

Kipimo cha kwanza ni glasi mbili. MMA huelea juu ya maji, kipande cha PMMA huzama, kisha kipande hichohicho huelea kwa shida katika maji yaliyokolezwa chumvi mpaka haiyeyuki tena, kwa kuwa maji hayo yana gramu 1.20 kwa mililita dhidi ya 1.18. Kipimo cha pili ni asetoni: plastiki ya minyororo huru huvimba, hulainika na kuyeyuka yote baada ya saa kadhaa, ilhali wavu wa zoezi la UV hubaki umbo lake. Ukitaka kujua kama sharubati tayari ina polima, tone moja ndani ya methanoli litatoa nyuzi nyeupe, kwa maana methanoli huyeyusha monoma lakini si mnyororo.

Viputo katikati ya bamba, kingo zikiwa safi, humaanisha joto lilikosa njia. Punguza halijoto au unene. Viputo vilivyotawanyika kote ni hewa iliyonaswa wakati wa kumimina. Harufu kali ya monoma siku ya pili yaonyesha hatua ya oveni haikufika nyuzi 105 ndani ya kipande chenyewe, hata kama kipimajoto cha oveni kilisema hivyo. Umanjano katika kazi ya UV mara nyingi hutoka kwa kianzishi kilichozidi. Sharubati isiyobadilika baada ya saa nzima kwenye nyuzi 80 karibu kila mara ni peroksidi ya zamani. Usiongeze joto, anza upya na kianzishi kipya.

Mabaki na hifadhi

Sharubati iliyobaki haimwagwi kwenye sinki wala haifungwi ndani ya chupa, kwa sababu huendelea kufanya kazi usiku ukiwa umelala. Igandishe kwa mafungu ya gramu chache katika vyombo vilivyo wazi ndani ya kabati la kufyonza mvuke, kisha vipande vigumu vitupwe pamoja na taka za kemikali ngumu. Peroksidi isiyotumika hurudi kwenye jokofu lake katika chombo chenye kifuniko kilicholegea, mbali na amini na chumvi za kobalti, ambazo huivunja kwa ghafla. Chupa ya MMA huwekwa gizani, chini ya nyuzi joto 25, ikiwa na nafasi ya hewa juu ya kimiminika, na kamwe si chini ya nitrojeni, kwani MEHQ bila oksijeni hailindi. Andika tarehe uliyoifungua. Kila mwezi iinamishe dhidi ya mwanga na uangalie kiputo. Siku kitakapopanda kikijivuta, usiifungue wala kuihamisha, mwite msimamizi wa maabara.